Usman, Adesanya au Ngannou: chalii wa Arusha amsome nani?

Kuanzia mwishoni mwa Machi 2021 hadi Agosti 2022, mikanda mitatu ya UFC, ligi kubwa ya Marekani ya MMA (mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka), ilikuwa viunoni mwa wanaume watatu waliozaliwa Afrika: Kamaru Usman na Israel Adesanya kutoka Nigeria, na Francis Ngannou kutoka Cameroon. Kwa machalii wa Ngarenaro na Unga Limited hapa Arusha, na wenzao wa Pasua na Majengo kule Moshi, hapo ndipo MMA ilipoacha kuonekana mchezo wa watu wa mbali. Leo wote watatu wamevuka miaka 35, mikanda imeshakwenda kwa wengine, na ubishi jimu haujaisha: kama unajifunza, umsome nani?

Ubishi wenyewe mara nyingi hauzai kitu, maana kila mtu anakuja na klipu yake. Wa Ngannou anakuonyesha Alistair Overeem akilazwa Desemba 2017. Wa Adesanya anakuonyesha Alex Pereira akienda chini. Wa Usman ana klipu moja tu, ile ya kumlaza Jorge Masvidal, kwa hiyo akimaliza kuionyesha anaanza kuhesabu mikanda. Hapa nimewaweka wote kwenye mizani moja, ili anayetaka kuchagua achague kwa kuangalia mwili wake, umri wake na sehemu anayofanyia mazoezi.

Vigezo nilivyotumia

Bingwa kijana unampima kwa kile anachokiweza. Mkongwe ni tofauti: kila mtu ameshatazama mapambano yake, kila kocha ana dawa yake, kwa hiyo unampima kwa alichoongeza baada ya kujulikana. Hicho ndicho kigezo nilichokipa uzito kuliko vyote. Vingine ni alikoanzia, silaha yake kuu, alivyoshindwa, alivyoendesha mambo ya mkataba, na kumfuata kunahitaji nini hapa kwetu.

Kwa aliyezoea ngumi za kawaida: raundi ya MMA ni dakika 5, pambano la kawaida lina raundi 3, la mkanda lina 5, na mtu akianguka pambano linaendelea hukohuko chini. Uzito nao uuangalie mapema. Usman alitamba kwenye kilo 77, Adesanya kilo 84, Ngannou uzito wa juu ambao ukomo wake ni kama kilo 120.

Walikoanzia

Usman alizaliwa Auchi mwaka 1987 na akapelekwa Marekani akiwa na miaka 8. Alikulia Texas, akaingia kwenye mieleka akiwa shule, na mwaka 2010 akawa bingwa wa vyuo vya daraja la pili akichezea Chuo Kikuu cha Nebraska Kearney. Alipoingia MMA alikuwa na miaka ya kutosha ya kuangusha na kuangushwa, chini ya makocha, kwa ratiba.

Adesanya ni wa Lagos, 1989. Familia ilihamia New Zealand, akaanza ngumi na mateke akiwa na miaka 18, umri ambao wengi wenu mnaosoma hapa mnao sasa. Rekodi yake ya ngumi na mateke ni ushindi 75 na kushindwa 5. Anayeiga namna anavyoshusha mikono aikumbuke hiyo 75 kwanza. Aliingia UFC Februari 2018, na muda wote amekaa na jimu ileile ya Auckland, City Kickboxing, chini ya kocha Eugene Bareman.

Ngannou ndiye anayewagusa watu wa huku zaidi. Alizaliwa Batié mwaka 1986, akafanya kazi kwenye machimbo ya mchanga akiwa mtoto, akaanza ngumi akiwa na miaka 22. Alivuka jangwa hadi Morocco, akavuka bahari hadi Hispania, akashikiliwa huko, na mwaka 2013 alikuwa Paris akilala kwenye maegesho ya magari. Alikwenda kutafuta ngumi, akaelekezwa MMA. Desemba 2015 alikuwa tayari UFC. Wanaapolo (wachimbaji wa tanzanite) wa Mirerani na vijana wanaopakia moramu wakiisikia hadithi hiyo wanajiona ndani yake, na wana haki. Ila nguvu ya sururu ni ya kutwa nzima, taratibu. Ya ngumi ni ya nusu sekunde. Atakayetoka machimboni na kuingia jimu atafundishwa upya namna ya kusimama, kama mwingine yeyote.

Silaha kuu

Ya Usman ni presha. Anakusogeza hadi mgongo uguse wavu unaozunguka ulingo, anakubana, anakupiga mweleka, anakulalia, na ukisimama anaanza tena. Alishinda mapambano 15 mfululizo UFC kwa kazi hiyo. Siyo burudani kwa kila mtu, nakubali, lakini mpinzani anatoka pale amechoka hadi nyusi.

Ya Adesanya ni umbali. Ana sentimita 193 na mikono inayofika mbali, kama sentimita 203 kutoka ncha hadi ncha. Anazuga kwa bega, anazuga kwa goti, unajibu kitu ambacho hakikutupwa, halafu chenyewe kinakuja. Oktoba 2019 Melbourne, mbele ya watu zaidi ya 57,000, Robert Whittaker alikimbilia ndani na kukutana na ngumi alizokuwa amewekewa. Baada ya hapo Adesanya alitetea mkanda mara 5 kabla ya kuupoteza.

Ya Ngannou ni ngumi. Mei 2020 Jairzinho Rozenstruik, naye mpigaji mzuri tu, alidumu sekunde 20.

Walichoongeza

Ngannou ana somo kubwa hapa, na wengi hawalioni kwa sababu wanasubiri KO. Januari 2018 Boston alikutana na Stipe Miocic kugombea mkanda. Raundi ya kwanza alitupa kila alichokuwa nacho, pumzi ikakata, Miocic akamwangusha mara 6 na kumchezea raundi zote 5. Machi 2021 wakarudiana. Tafuta raundi ya kwanza ya pambano hilo na utazame pale Miocic anapoingia miguuni: Ngannou anarusha miguu nyuma, kifua kinamwelemea mwenzake mgongoni, anazunguka, anapiga. Hana haraka. Halafu anaachia, anarudi katikati, anapumua. Raundi ya 2 haikufika dakika moja, na mkanda ukawa wake.

Tena Januari 2022, dhidi ya Ciryl Gane, aliingia na goti lililoumia. Kwenye kona ya Gane alikuwa amesimama kocha wa zamani wa Ngannou kule Paris, mtu aliyemjua nje ndani. Raundi 2 za mwanzo Gane alimzunguka na kumpiga mateke bila kuguswa sana. Raundi ya 3, mtu ambaye dunia nzima ilimjua kwa ngumi akaanza kupiga mweleka. Mara 4 alimwangusha Gane, akashinda kwa pointi. Mie nikiulizwa pambano moja la Ngannou la kumwonyesha mwanafunzi, natoa hilo, na wanafunzi huwa wananuna.

Usman aliongeza ngumi ya mbele, jabu. Alihamia kwa kocha Trevor Wittman kule Colorado, na matunda yakaonekana Februari 2021 dhidi ya Gilbert Burns, waliyewahi kufanya naye mazoezi jimu moja. Burns alimtikisa raundi ya kwanza. Usman akatulia, akaanza kunyoosha jabu, na raundi ya 3 jabu hiyohiyo ikamwangusha Burns. Miezi miwili baadaye alimlaza Jorge Masvidal kwa mkono wa kulia. Hayo yalifanywa na mtu wa mieleka aliyekuwa amevuka 33, umri ambao wengi huku wanajiambia wameshachelewa.

Nyongeza ya Adesanya ni ngumu kuonekana, maana ni ya kuzuia. Mtu wa ngumi na mateke akiingia MMA swali la kwanza ni ukiangushwa itakuwaje. Alijifunza kutumia wavu kusimama, kupigania mikono ya mwenzake kabla hajafungwa kiuno, na kwa miaka kadhaa waliojaribu kumlaza walitoka patupu. Halafu kuna Pereira, ambaye alimpiga mara mbili kwenye ngumi na mateke, na mara ya tatu Novemba 2022 New York akamnyang'anya mkanda raundi ya 5. Aprili 2023 Miami walikutana mara ya nne. Adesanya aliupeleka mgongo wake kwenye wavu, akajikunja kama mtu aliyezidiwa, Pereira akaingia kummalizia na mikono ikawa wazi. Mkono wa kulia, wa pili, kwisha. Kuna ubishi kama alizuga tangu mwanzo au aliumia kweli kisha akaona nafasi. Kwa mwanafunzi somo ni lilelile: alijua jamaa anapiga nini akihisi damu.

Walivyoanguka

Usman alikuwa akiongoza kwa pointi dhidi ya Leon Edwards, Salt Lake City, Agosti 2022. Zikiwa zimebaki sekunde 56, teke la kushoto likamkuta kichwani. Watu wa Arusha walitazame pambano hili kwa jicho lao. Salt Lake City iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko kama 1,400. Raundi za katikati Edwards alionekana amekatika pumzi, mwili mzito, hadi kona yake ikawa inamfokea. Usman alikuwa anafanyia mazoezi milimani Colorado. Hewa hii tunayoivuta bure hapa Sanawari wengine wanaifuata kwa nauli ya ndege (Moshi mjini iko chini zaidi, haifiki mita 1,000, ingawa ukikimbia kupanda kuelekea Marangu utaipata tu). Na bado, pumzi zote zile hazikumwokoa kwenye teke moja.

Alipoteza marudiano London, Machi 2023. Oktoba mwaka huo akakubali kukutana na Khamzat Chimaev kwa taarifa ya siku 10 na uzito wa juu ya wake, akashindwa kwa pointi. Wengi wakamzika. Juni 2025 Atlanta, akiwa na miaka 38, alimshinda Joaquin Buckley, kijana aliyekuwa na mfululizo wa ushindi. Kwa nini? Mieleka. Magoti yamechoka, mwendo umepungua, akarudi kwenye kitu alichokijua tangu shule.

Adesanya alianguka kwa namna inayouma zaidi kutazama. Septemba 2023 Sydney, Sean Strickland alimfuata na jabu, mwendo wa mbele na gadi iliyofungwa, hana kingine cha ajabu, akachukua mkanda. Agosti 2024 Perth, Dricus du Plessis wa Afrika Kusini alimfanya asalimu amri raundi ya 4. Februari 2025 Riyadh, Nassourdine Imavov alimsimamisha raundi ya 2. Maoni yangu: staili yake inategemea jicho na mguu kukubaliana kwa wakati uleule, na hicho ndicho kitu umri unachokichukua kwanza. Lakini kumtendea haki, hakuwahi kupewa mtu mwepesi. Alikwenda hadi uzito wa juu yake kumfuata Jan Błachowicz, Machi 2021, akalala pointi bila visingizio.

Ngannou alianguka vibaya zaidi siku aliyopigwa kidogo. Julai 2018, miezi michache baada ya Miocic, alisimama mbele ya Derrick Lewis raundi 3 na kufikisha mapigo 11 tu. Woga wa kuchoka tena ulimfunga mikono. Kila bondia aliyewahi kupoteza kwa pumzi anaujua woga huo, na hakuna gunia linaloutibu; unautibu kwa kurudi kwenye sparingi (kupigana kwa mazoezi) za raundi ndefu.

Mkataba na pesa

Hapa Ngannou yuko peke yake. Januari 2023 aliondoka UFC akiwa bingwa, baada ya kukataa mkataba mpya. Alitaka ruhusa ya kupigana ngumi, wadhamini wake mwenyewe, na bima ya afya kwa wapiganaji. Mei mwaka huo akasaini na PFL, ligi nyingine ya MMA, kwa masharti ambayo yalijumuisha mpinzani wake kulipwa si chini ya dola milioni 2. Oktoba 2023 alimwangusha Tyson Fury raundi ya 3 na kupoteza kwa majaji waliogawanyika. Machi 2024 Anthony Joshua alimlaza raundi ya 2. Oktoba 2024 akarudi MMA na kummaliza Renan Ferreira raundi ya kwanza. Kupitia yeye ligi ya PFL Afrika ilianza Cape Town mwaka 2025, na mwaka huohuo ikafika hadi Kigali.

Tusidanganyane. Kijana mwenye mapambano mawili hana ubavu wa kumgomea promota kama Ngannou. Anachoweza kuiga ni maswali: mkataba unaisha lini, nikiumia hospitali analipa nani, na nikipata dili kwingine ruhusa inatoka kwa nani. Uliza kabla ya kusaini, mbele ya mtu mzima unayemwamini.

Usman na Adesanya walibaki ndani ya mfumo na wakala vizuri. Tofauti yao ni kwamba Adesanya alipigana mara nyingi sana akiwa bingwa, na Usman alikubali lile pambano la siku 10, ambalo mpiganaji wa kawaida angeshauriwa alikatae.

Kumfuata kunahitaji nini huku

Kumfuata Usman ndiko kugumu Arusha na Moshi. Ngumi zina walimu, karate ina walimu, mieleka haina wengi. Unahitaji magodoro, nafasi, na mwenzako wa uzito wako aliye tayari kuangushwa mara hamsini kwa jioni moja. Ukimpata mtu wa judo, mshikilie huyo. Sementi yenye turubai juu haitoshi, utavunja bega mwezi wa kwanza.

Adesanya ni rahisi kumwanza: uwazi, kioo kama kipo, vikinga ugoko, na gunia. Hilo gunia nalo liangalie. Magunia yetu mengi yanajazwa matambara, na matambara hushuka. Baada ya miezi michache juu kunakuwa kulaini na chini kumeshindiliwa hadi kukawa jiwe, palepale unapotupia mateke ya chini. Chalii anaumia ugoko anadhani ndiyo anakomaa. Lishushe, limwage, lijaze upya, weka vumbi la mbao katikati. Na kabla hujaanza kushusha mikono kama yeye, muulize mwalimu wako kama miguu yako inakutoa njiani kwa wakati. Mara nyingi atacheka.

Ngannou hahitaji vifaa vingi ila anahitaji mwili ambao huwezi kuununua. Kama una kilo 62, ngumi yake haitakuwa yako. Utulivu wake wa marudiano na Miocic unaweza kuwa wako ukiwa na kilo zozote.

Nani anamfaa nani

Una miaka 14 hadi 18 na muda unao: anza na Usman, hata kama unaona anachosha. Kuangusha na kukataa kuangushwa ni vigumu kujifunza ukubwani, na kule Atlanta ndicho kilichombakia.

Umetoka karate au ngumi, mrefu, mwepesi wa miguu: Adesanya, lakini tazama mapambano yake ya 2018 hadi 2021 kwanza, kisha lile la Strickland, na ujiulize ungefanya nini mtu akikataa kuzugwa. Wakati huohuo tafuta mtu wa kukulaza chini mara mbili kwa wiki.

Umeanza ukiwa na miaka 22 au zaidi, una kazi ngumu mchana, mwili mzito: Ngannou, hasa Miocic wa kwanza na wa pili, mfululizo, siku moja. Raundi zako za sparingi ziwe za dakika 5 tangu mapema. Wengi wa aina hii wanapiga dakika 3 za ngumi, wanajiona simba, halafu dakika ya 4 inawakuta.

Wewe ni mfupi wa kilo 60 na kitu: hakuna kati yao mwenye umbo lako. Chukua jabu ya Usman na kazi yake ya wavuni, uwaache wengine kwa burudani.

Wewe ni mzazi unayeombwa hela ya jimu: usiulize mtoto anamfuata nani. Nenda jioni moja ukaangalie kama kuna magodoro, kama wanaovaana ni wa uzito mmoja, na kama mwalimu anasimamisha sparingi mtu akipigwa kichwani na kuyumba.

Na kama ni mtazamaji tu, huna mpango wa kuvaa glovu, chagua kwa moyo. Mapambano makubwa ya Marekani huku yanaangukia Jumapili alfajiri, na pambano kuu linaweza kufika asubuhi. Ukiwa na ibada ya kwanza, mtafute mwenye kurekodi.